Akili Itafutiwe Kazi

 

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapokaribia kutoka, nyumba nyingi hukaa roho juu. Siku yenyewe ikifika, simu hazilali. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza pia watahiniwa kumi bora na shule kumi bora, mpaka utaratibu huo ulipoachwa katika matokeo yaliyotangazwa Januari 2023. Tuliwaona wale kumi magazetini: kijana kasimama katikati ya wazazi wake, mama anafuta machozi ya furaha, baba anaulizwa alimlea vipi mwanawe. Nimefundisha fizikia na hisabati kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Furaha ile naijua, wala siibezi. Lakini liko swali ambalo hatuliulizi vya kutosha. Miaka kumi na mitano baadaye, kijana yule yuko wapi? Anafanya nini? Jioni akirudi nyumbani, anairidhia siku yake?

Nimewaona wengi. Wapo waliofika mbali na kutufikisha mbali. Wapo pia, tena si haba, waliokuwa vichwa vya darasa, na leo ukikutana nao kituo cha daladala watakueleza mipango mitano, yote ya akili nyingi, na hakuna hata mmoja ulioanza. Wengine wana ajira nzuri na gari zuri, lakini ukikaa nao saa moja unagundua kwamba kazi yao hawaijali na wao wenyewe wamechoka. Nawapenda vijana hawa. Baadhi yao niliwafundisha kwa mkono wangu, na ni kwa ajili yao nimekubali kusimama hapa. Na nitangulize neno ili nisieleweke vibaya: ajira ni chache, mitaji ni migumu, na mtu anaweza kufanya kila lililo jema akakwama kwa sababu zisizo zake. Sitaki mzazi atoke ukumbini akamwambie mwanawe kwamba mwalimu kasema umaskini ni uzembe. Ninazungumzia ile sehemu iliyo mikononi mwetu, ambayo ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Ninachokiamini ni hiki. Akili haijitafutii kazi. Lazima itafutiwe, kazi yenyewe iwe na mtu mwingine anayeingoja, na mwenye akili akae nayo mpaka iishe. Asipofanya hivyo, akili ile ile iliyompa sifa darasani humgeukia, ikawa chanzo cha majivuno kwanza, kisha uchungu.

Mwaka 1921, Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alianza kuwasaka watoto wenye akili nyingi kuliko wenzao katika shule za California. Aliwapima kwa mtihani alioujenga juu ya ule wa Mfaransa Alfred Binet, akabaki na zaidi ya watoto 1,500. Kuanzia hapo yeye na wenzake waliwafuatilia: masomo yao, kazi zao, ndoa zao, afya zao. Terman alifariki mwaka 1956, na wenzake wakaendelea na kazi hiyo kwa miongo mingine. Yeye alitarajia kwamba humo ndimo watakamotoka viongozi wa taifa katika kila fani.

Wengi waliishi vizuri. Walikuwamo madaktari, mawakili na maprofesa. Lakini katika wote hao hakupatikana hata mmoja wa kushinda Tuzo ya Nobel. Wavulana wawili waliopimwa wakaachwa kwa kuwa alama zao hazikufika, William Shockley na Luis Alvarez, ndio waliokuja kuipata, wote katika fizikia: Shockley mwaka 1956 na Alvarez mwaka 1968. Habari hii husimuliwa sana, na watu huishia hapo, kana kwamba kasoro ilikuwa ya kipimo tu. Mimi naona lililo zito zaidi liko kwingine. Melita Oden, msaidizi wa Terman wa miaka mingi, alichapisha mwaka 1968 ulinganisho wa wanaume mia moja waliofanikiwa zaidi katika kundi lile na mia moja waliofanikiwa kidogo. Wote walikuwa wamepata alama za juu sana utotoni, na alama za makundi hayo mawili zilikaribiana mno. Kilichowatofautisha kilikuwa ni kung'ang'ania jambo mpaka likamilike, kuwa na lengo badala ya kuelea, na kujiamini. Kitu kingine kilikuwa ni nyumba walikotoka: penye vitabu, na penye wazazi waliosisitiza masomo.

Utafiti ule una dosari zake, na tusizifiche. Watoto wengi walikuwa Wazungu wa familia zenye nafasi, kwa maana waliowateua ni walimu, na mwalimu wa siku zile hakumtazamia mtoto wa kibarua. Wasichana wa kundi lile walikuwa na akili sawasawa na kaka zao, lakini wengi waliishia nyumbani kwa sababu zama zile ziliwafungia milango. Kwa hiyo hata takwimu za Terman zinatuonyesha kwamba mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa, hata kwa mwenye akili.

Mfano mwingine ni huu. Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Harvard, huko huko Marekani, kilipokea wanafunzi wadogo wa ajabu. Wawili kati yao ningependa muwafahamu. William James Sidis alikuwa na umri wa miaka 11. Januari mwaka uliofuata alisimama mbele ya chama cha hisabati cha chuo hicho akatoa mhadhara juu ya maumbo ya vipimo vinne, maprofesa wakimsikiliza. Norbert Wiener alikuwa na miaka 14, tayari ana shahada ya kwanza, na alipofika miaka 18 alitunukiwa udaktari. Wote wawili walikuwa na baba wasomi, wakali wa kufundisha, waliowaanzisha masomo kabla ya wakati na kuwaanika mbele ya watu.

Sidis alihitimu mwaka 1914. Akafundisha muda mfupi Houston, wanafunzi wake wakiwa wakubwa kuliko yeye, akaacha. Baadaye alifanya kazi ndogo ndogo za ukarani, za kuchapa hesabu kwenye mashine, na ofisi ikigundua yeye ni nani, huondoka. Alikusanya tiketi za tramu, na mwaka 1926 akaziandikia kitabu kizima. Gazeti la The New Yorker lilimfuata mwaka 1937 likamwandika kwa kejeli. Alilishtaki, akashindwa. Alifariki mwaka 1944, akiwa na miaka 46. Wiener yeye aliingia chuo cha MIT mwaka 1919 akakaa hapo maisha yake yote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alipewa tatizo la namna mzinga unavyoweza kulenga ndege inayoruka kwa kukisia itakapokuwa. Alilifanyia kazi na mhandisi Julian Bigelow, akajadiliana na tabibu wa Meksiko, Arturo Rosenblueth, juu ya jinsi mwili wa binadamu unavyojirekebisha wenyewe. Katika mijadala hiyo kilizaliwa kitabu chake cha mwaka 1948 kilichoanzisha saibanetiki, sayansi ya namna mashine na viumbe hai vinavyojiongoza na kujirekebisha.

Sikubaliani na wanaomtaja Sidis kama kichekesho. Mtu ana haki ya kuishi kimya na kukusanya tiketi akipenda, na waliomkosea ni wale waliomwanika akiwa mtoto, kisha wakamwanika tena akiwa mtu mzima. Lakini nikiyaweka maisha ya wawili hawa pamoja, naona jambo. Akili ya Sidis iliombwa ionekane. Ya Wiener, baada ya ujana wenye mateso mengi, iliombwa isaidie: yuko mtu mlango wa pili ana tatizo, njoo tulitazame. Na alizungukwa na wenzake waliomwambia wazi alipokosea.

Sasa turudi nyumbani, maana mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kwetu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unayaacha yapoe kisha unayatia kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa finyu na waliotaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba anachemsha maziwa yake, akamwona mwenzake anachanganya maziwa mabichi na sukari na kuyapeleka moja kwa moja ili awahi nafasi. Mpemba akaona akisubiri yake yapoe atakosa. Akayatia ya moto vile vile, huku akijua kwamba huenda akaiharibu friza. Baada ya kama saa moja na nusu wakarudi. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza. Baadaye rafiki yake mmoja aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini alimwambia kwamba wao huitia ikiwa ya moto makusudi, kwa kuwa huganda upesi. Hapo naomba msikilize vizuri. Wauza aiskrimu wa Tanga walikwisha kulijua. Na sio wao tu: Aristotle aliandika habari ya maji yaliyopashwa moto kuwahi kuganda, na Francis Bacon na Descartes wakaligusa karne ya 17. Mpemba hakuwa wa kwanza kuona. Tofauti yake ni kwamba alichokiona hakukiacha.

Alifaulu, akaenda Shule ya Mkwawa, Iringa. Darasani walipofika kwenye mada ya joto na kanuni ya Newton ya upoaji, akauliza tena. Mwalimu wa huko naye akamkatalia, na alipozidi kushikilia, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Kuanzia siku hiyo, akikosea hesabu, darasa zima humwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Ninyi mliosoma bweni mnajua maneno ya namna hiyo yanavyomkaa mtu. Vijana wengi wenye vipaji huzimikia hapo hapo. Huamua kwamba usalama uko katika kujibu yale yanayotakiwa, na hawaulizi tena mpaka wanazeeka.

Mchana mmoja alikuta maabara ya biolojia iko wazi. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza ya maabara. Baada ya saa moja hakuna iliyoganda yote, lakini yenye maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi. Angalieni alichofanya: bila kubishana wala kununa, alitafuta mahali pa kujaribu, akajaribu, akapata kitu cha kuonyesha.

Kisha akaja mgeni. Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alifika shuleni kuzungumza na wanafunzi, na mwisho akakaribisha maswali. Mpemba akasimama, akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya kipimo kimoja, kimoja kwa nyuzi 35 na kingine kwa nyuzi 100, ukavitia kwenye friza, kile cha nyuzi 100 kinawahi kuganda; kwa nini? Wenzake waliona haya kwa niaba yake. Osborne akamuuliza kama kweli amejaribu. Akajibu ndiyo. Osborne akasema hajui sababu, ila atakaporudi Dar es Salaam atalijaribu.

Na alilijaribu. Alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akarudi na habari kwamba kweli ya moto yametangulia kuganda, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Walirudia, na matokeo yakawa yale yale. Mwaka 1969 jarida la Physics Education lilichapisha makala yao, jina la Mpemba likitangulia na la Osborne likifuata. Leo wanasayansi duniani huliita jambo hili kwa jina la kijana yule wa Magamba. Wengine wanalikubali na kulieleza kwa uvukizi wa maji, kwa gesi zinazotoka maji yakichemka au kwa mzunguko wa joto ndani ya chombo. Wengine, kama watafiti wa Uingereza waliolichunguza upya mwaka 2016, wanasema ushahidi hautoshi. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitoa zawadi kwa maelezo bora, yakafika majibu zaidi ya 20,000 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Swali lililochekwa darasani limewapa watu kazi kwa zaidi ya nusu karne.

Makala ile ilipotoka, Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, chini ya Kilimanjaro, na maisha yake ya kazi aliyatumia katika maliasili. Nimesikia watu wakisikitika kwamba hakuwa profesa wa fizikia. Mimi sisikitiki. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963 kwa sababu nchi changa za Afrika zilihitaji watu wao wenyewe wa kusimamia mbuga zao. Kazi ilikuwapo, watu walikuwa wakiingoja, naye akaingia. Hatuna sheria inayosema kwamba mwenye kichwa cha fizikia lazima afe na chaki mkononi. Tukiwapimia vijana wetu mafanikio kwa kazi tatu tu, udaktari, uhandisi na uanasheria, tunawapotezea njia nyingi ambazo zingewafaa wao na kutufaa sisi.

Sasa mtaniuliza: kijana atajuaje kazi inayoingoja akili yake? Hapo nitamtaja Mama Wangari Maathai wa Kenya. Alizaliwa Nyeri mwaka 1940, akasoma biolojia Marekani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari. Fani yake ilikuwa anatomia ya wanyama. Angeweza kubaki maabara na tungemheshimu. Lakini katika utafiti wake wa kupe wanaoeneza ndigana kali alitoka kwenda kuwatazama ng'ombe walikokuwa, na macho yake hayakuishia kwenye kupe. Aliona ng'ombe wamekonda, mito imejaa udongo, miti imekwisha. Katika baraza la wanawake aliwasikia wanawake wa vijijini wakilalamikia kuni, maji na chakula. Matatizo matatu, na yote aliyakuta kwenye mzizi mmoja. Juni 1977, yeye na wenzake wakapanda miti saba Nairobi.

Msidhani iliendelea kama maji. Kitalu chake cha kwanza, alichokianzisha kama biashara kabla ya hapo, kilikuwa kimekufa. Wataalamu wa misitu waliona ajabu kwamba wanawake wasio na vyeti wanataka kuotesha miti. Alichofanya ni kuligeuza jambo kubwa kuwa jambo la mikono: kukusanya mbegu za kienyeji, kuzitia hata kwenye makopo yaliyotupwa, na mwanamke kulipwa senti kidogo kwa kila mche utakaoshika na kuishi. Sio mche utakaopandwa, mche utakaoishi. Katika kipengele hicho kidogo naiona akili yake yote. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, vuguvugu lake, Green Belt Movement, lilikuwa limepanda miti ipatayo milioni 30, na wanawake maelfu walikuwa wamepata fedha waliyoiita yao.

Kwa hiyo kijana, usikae chumbani ukitafuta wito wako kwa kujichunguza. Toka. Kaa na watu wenye tabu fulani, muda wa kutosha uielewe kuliko wao wanavyoweza kuieleza. Inaweza kuwa vitunguu vinavyooza kabla ya kufika soko la Ilala, hesabu za kikoba zinazogombanisha kina mama kila mwisho wa mwaka, au pampu ya kijiji ambayo kila ikiharibika inangoja fundi kutoka mjini kwa wiki tatu. Mtu mwenye kichwa akiliona tatizo kama hilo kwa macho yake, hatahitaji kuhimizwa. Shida ni kwamba wengi wa vijana wetu bora hatuwapi nafasi ya kuliona. Tunawafungia katika kambi za kurudia mitihani iliyopita, tukitaka warudie majibu mpaka wayaote usingizini, kisha tunashangaa wakifika mitaani hawaoni cha kufanya. Mwalimu Nyerere alilisema hili katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kwamba shule zilikuwa zikimtenga mtoto na jamii atakayoitumikia. Tumeubadilisha mtaala mara kadhaa tangu hapo. Ugonjwa bado tunao.

Ukishalipata tatizo, anza na kipande chake kidogo, ukikamilishe, umkabidhi mwenyewe. Hapa ndipo wenye akili nyingi huanguka kuliko wengine, na nimeliona mara nyingi mno. Mtu wa akili ya kawaida akitengeneza kitu kibaya, anakipeleka sokoni, anaambiwa ni kibaya, anakirekebisha. Mwenye kichwa anaona kasoro zote mapema, anaogopa aibu, anasema ngoja nikiboreshe kwanza. Miaka inapita kwenye ngoja. Amezoea kusifiwa tangu darasa la kwanza, hajawahi kushindwa mbele ya watu, na hilo linamtisha kuliko njaa. Wazazi, tunachangia. Tukimwambia mtoto kila siku kwamba ana akili, tunampa kitu cha kulinda. Tumsifu kwa jambo alilolimaliza, na akishindwa tukae naye mezani tuulize: umeona nini? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko anajifunza nyumbani kabla ya kujifunza kazini.

Nije kwenye kuridhika, maana mafanikio bila hilo ni mzigo tu. Mwaka 1938 Harvard ilianza kuwafuatilia wanafunzi wake 268, akiwamo John F. Kennedy aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Baadaye waliunganishwa na vijana 456 wa mitaa maskini ya Boston waliokuwa wakifuatiliwa na utafiti mwingine, na ufuatiliaji huo unaendelea hadi leo kwa watoto wao. George Vaillant aliusimamia kwa miongo kadhaa, na Robert Waldinger akampokea. Katika hesabu zao, akili ikishavuka kiwango fulani cha juu ya wastani, nyongeza yake haikuongeza kipato. Kilichoonekana kubeba maisha, afya hadi uzeeni na furaha pia, ni uhusiano mwema na watu: mwenzi, ndugu, marafiki, wenzako wa kazi. Sisi tuliolelewa katika ujamaa wa kina shangazi na majirani tulidhani tunalijua hilo. Lakini watazameni vijana wenu mnaowaita vipanga: ndio wa kwanza kusamehewa kwenda msibani kwa sababu wanasoma, wa kwanza kuachiwa wale peke yao na kitabu. Tunadhani tunawasaidia. Msiba wa jirani ni shule pia, na huko ndiko mtu anakojua nani anaumwa, nani ana shida gani, na yeye anafaa kwa nini.

Kuna wasiwasi mmoja ambao vijana wengi hunieleza. Wanasema: Mwalimu, kazi ninayoipenda hainilipi, na inayonilipa siipendi. Ni tatizo la kweli, na sitawadanganya kwamba ukifuata unachopenda fedha zitakuja zenyewe. Mwandishi wetu Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Mchana alifanya kazi ya ofisi, akalea familia, na vitabu vyake akaviandika katika muda uliobaki. Hakuudharau mshahara, wala hakuuruhusu ule kila saa aliyokuwa nayo. Si wote watakaoweza, na wenye watoto wachanga wananielewa. Lakini saa moja ya alfajiri inayolindwa kwa miaka imejenga mengi.

Neno langu kwa walimu wenzangu ni zito kidogo. Osborne alikuwa na kila sababu ya kumpuuza Mpemba: yeye mtaalamu, mwenziwe mwanafunzi wa sekondari, na swali lenyewe linapingana na kitabu. Alisema maneno mawili ambayo sisi tunayaona magumu, sijui, na nitajaribu, kisha akayatimiza. Bila yeye, ung'ang'anizi wote wa Mpemba ungeishia kuwa utani wa bweni. Tunapohesabu vipaji vilivyopotea nchini, tusiwalaumu vijana peke yao. Katika kila shule yuko mtoto aliyekwisha kuuliza mara mbili akachekwa, na hajaamua bado kama atauliza mara ya tatu. Jumatatu, mtafuteni. Mkipewa swali msilolijua, mpeni mtoto huyo ufunguo wa maabara na mmoja wenu akae naye, hata kama silabasi imechelewa.

Nanyi vijana, kabla ya mwezi huu kwisha, chagueni jambo moja dogo la mtu mmoja mnayemjua, mlimalize, mkamkabidhi mkononi. Msiliweke mtandaoni kwanza. Msikilizeni atakavyosema, hata akilikataa, kisha mrudi kwake na lililorekebishwa.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Naomba sasa yaulizwe maswali, na kwa ruhusa yako, sisi watu wazima tusubiri, waanze wanafunzi.